Kunyoosha Ringi

Nina mlango mmoja Barabara ya Tisa, Ngamiani,
na uma wa baiskeli kuukuu niliousimamisha kichwa chini
juu ya kiti kisicho na mgongo.
Hapo ndipo ninaponyooshea ringi.
Nazungusha, nafumba jicho la kushoto,
la kulia nalilaza kwenye upenyo wa chuma na chuma,
nangoja pale panapogusa.
Spoki hii robo, ile nusu. Nazungusha tena.
Watu huja kutoka Duga, hata Mwakidila:
mpelekee Mhina, Mhina ana jicho.

Binti yangu Mwantumu, darasa la tatu,
akitoka shule hukaa kwenye ndoo ya viraka
akanitazama, naye kafumba la kushoto.
Nilicheka. Niliwaambia wateja, mwoneni huyu,
meno ya utoto hayajaisha, fundi tayari.
Akifumba barabarani jua likiwaka, ananiiga.
Akifumba mbele ya sahani ya wali, ananiiga.
Mama yake akasema, Mhina, jicho la mtoto linatoroka.
Nikasema limechoka, litarudi.
Bibi yake akasema ni macho ya ukoo,
shangazi Zaina alikuwa nayo na aliolewa vizuri.

Shuleni walikwisha mpa jina, jina refu,
la mtu atazamaye Pangani na Mombasa kwa mpigo mmoja.

Mwalimu Shekue alikuja na baiskeli yake, nzima,
akaiegemeza ukutani, akanipa daftari.
Hesabu zote zimekatwa kwa wino mwekundu.
Saba na kumi na saba, ishirini na nne.
"Sawa kabisa," akasema,
"ila ubaoni niliandika moja na kumi na moja.
Hesabu anazijua. Hauoni ubao."

Bombo. Benchi la mbao, namba arobaini na mbili.
Ukutani herufi E, zilizolala, zilizosimama, zilizogeuka.
Mwantumu akaelekeza vidole mpaka mstari wa pili
kisha mkono ukashuka wenyewe.
Daktari akamuuliza, mbona unafumba jicho?

"Nikifungua yote, mwalimu anakuwa wawili.
Mmoja anaandika, mwingine anafuta."

Nilitazama kucha zangu, grisi.
Mtoto alikuwa akijinyoosha mwenyewe
kwenye ndoo ya viraka,
hatua mbili kutoka kwenye jicho langu.

"Miwani kutwa," daktari akasema,
"na saa mbili kila siku tuzibe jicho zuri."
Zuri?
"Zuri. Hilo jingine limezoea kubebwa. Litembee."

Basi kila alasiri plasta, na kilio.
Nammwagia nati za spoki kwenye kifuniko cha ndoo,
kubwa huku, ndogo huku,
anazipapasa kwa lile jicho vivu,
anakosea, ananitupia.
Nimeokota nati mpaka kwenye mtaro wa jirani.
Wiki ya tano hakutupa.

Halijanyooka lote. Akichoka, bado hutoka nje kidogo
kama mbuzi aliyeona geti wazi.
Labda kisu, daktari anasema, mbele ya safari, tutaona.
Ufunguo wangu wa spoki haufiki huko.

Jana alisimama ng'ambo ya barabara na begi lake,
miwani imefungwa kisogoni
kwa ukanda wa mpira wa tairi niliomkatia mimi.
Hakuvuka. Alitazama juu ya mlango wangu,
akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi,
wanywa kahawa wote wakageuka:
"Baba! Umeandika FUDI BAISKELI!"

Nikavuka mpaka alipo.
Nikageuka, nikafumba jicho.
Miaka kumi na moja, rangi ya bluu, mkono wangu.

Leo asubuhi nimeichomeka N kati ya U na D,
nyembamba, imebanwa mabega.
Anasema imeinama.
Namuuliza upande gani.
Ananionyesha kwa vidole vitatu, kama kule Bombo.